Picha zako za chini ya maji hazitoki klia? Fahamu siri ya kioo cha kuba

Zile picha za nusu kwa nusu, juu mashua na mawingu, chini matumbawe na samaki, nyingi hupigwa kupitia kioo kilichobinuka kama bakuli, kinachofungwa mbele ya kasha la kamera. Hicho ndicho kioo cha kuba. Siku hizi vipo hata vya simu na vya kamera ndogo za michezo.

Shida ni kwamba ukikifunga tu na kuzama, mara nyingi picha zinatoka na ukungu, hasa kwenye kona. Wengi hulaumu kamera, lakini ukweli ni kwamba kuba ina tabia zake, na usipozijua, hata kamera ya mamilioni haitakuokoa. Ukiwa umesafiri hadi Mafia kumfuata papa potwe, yule wanayemwita papa shilingi kule Kenya, hupati nafasi ya pili. Akishapita, amepita.

Kwa nini kuba, sio kioo bapa?

Mwanga ukitoka kwenye maji kuingia kwenye hewa hupinda. Ndiyo maana ukivaa miwani ya kuzamia unaona samaki mkubwa na wa karibu kuliko alivyo. Kioo bapa kinaifanyia kamera hivyo hivyo: vitu vinaonekana vimekuzwa kwa kama theluthi moja, lenzi pana inapoteza upana wake, na kwenye kingo za picha rangi zinaachana.

Kuba inatatua hilo. Miale inayoelekea katikati ya duara lake hupita kwenye kioo ikiwa imenyooka, bila kupinda. Lenzi inabaki na upana wake wote, na unaweza kumkaribia potwe ukampata mzima.

1. Kamera haimtazami samaki, inatazama taswira yake

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kuba ikiguswa na maji inageuka kuwa lenzi. Inatengeneza taswira ya kila kilicho mbele, na taswira hiyo ipo karibu sana na kioo.

Hesabu yake ni rahisi: kitu kilicho mbali kabisa huonekana kwenye umbali wa takriban mara 3 ya nusu kipenyo cha duara la kuba. Kuba ya nusu duara yenye kipenyo cha sentimita 20 ina nusu kipenyo cha sentimita 10, kwa hiyo mandhari ya mbali inaonekana kama ipo sentimita 30 tu mbele ya kioo. Samaki aliye mita 1 anaonekana yupo kwenye sentimita 21 hivi. Ulimwengu wote, kuanzia mita 1 hadi mwisho wa upeo, umebanwa ndani ya sentimita kama 9!

Maana yake ni kwamba lenzi yako lazima iweze kufokasi karibu. Angalia umbali wake mdogo wa fokasi, ukikumbuka kuwa kawaida hupimwa kutoka kwenye sensa ndani ya kamera, sio kwenye kioo cha mbele. Kama lenzi haifiki hapo, kuna lenzi nyembamba za nyongeza zinazofungwa mbele yake, za nguvu ya +2 hadi +4, ili iweze kuona karibu.

2. Kona zina ukungu? Bana tundu la lenzi

Taswira ya kuba haijanyooka kama ukuta, imepinda kama kioo chenyewe. Ukifokasi katikati, kona zinakuwa nje ya fokasi.

Dawa yake ni kubana tundu la lenzi. Kwa kamera ya sensa kubwa yenye lenzi pana ya kawaida, anzia f/11 hadi f/16. Lenzi ya jicho la samaki inavumilia zaidi, f/8 hadi f/11 mara nyingi inatosha. Usizidishe, maana ukibana hadi f/22 picha nzima inaanza kupoteza ukali.

Ukibana tundu, mwanga unapungua. Ongeza ISO au tumia flashi, lakini usishushe sana kasi ya shata. Chini ya 1/125 samaki anayeogelea ataacha mburuzo, na hiyo sio kosa la kuba.

3. Lenzi ikae mahali pake

Kuba inafanya kazi vizuri pale tundu la kuingizia mwanga la lenzi linapokuwa kwenye kitovu cha duara lake. Ikiwa mbele sana au nyuma sana, kona zinavutika na rangi zinaachana. Ndiyo maana zipo pete za kurefusha kati ya kasha na kuba. Usikisie urefu wake. Watengenezaji wa makasha hutoa majedwali yanayoonyesha pete ipi inaendana na lenzi ipi.

4. Kubwa au ndogo?

Kuba kubwa inaweka taswira mbali kidogo na hivyo kupunguza tatizo la kona. Ni nzuri kwa mandhari pana na picha za nusu kwa nusu. Ubaya wake ni hewa nyingi iliyomo ndani, inayovuta kamera kuelekea juu na kuchosha mkono.

Kuba ndogo, ya kama sentimita 10, inabebeka kirahisi na inafaa kusogelea matumbawe hadi karibu kugusana. Ila kona zake huwa hafifu zaidi, kwa hiyo iendane na lenzi ya jicho la samaki.

5. Wenye simu na kamera ndogo

Lenzi ya simu haina tundu la kubana kwenye simu nyingi, lakini sensa yake ni ndogo, kwa hiyo vitu vingi huingia kwenye fokasi kwa pamoja. La kuangalia ni kama lenzi inajifokasi yenyewe. Kwenye baadhi ya simu, lenzi pana zaidi ina fokasi isiyobadilika, nayo inaweza kushindwa kuona taswira ya karibu. Jaribu lenzi kuu kwanza.

Jambo hili liliwahi kuwakumba watumiaji wa GoPro za mwanzo. Kasha lao lilikuwa na kioo kidogo kilichobinuka wakati fokasi ya kamera haibadiliki, na video za chini ya maji zikawa na ukungu. Suluhisho lilikuwa kasha lenye kioo bapa.

6. Picha ya nusu kwa nusu

Sehemu ya chini kamera inaiona karibu, ya juu inaiona mbali kama kawaida. Fokasi kwenye sehemu ya chini, bana hadi f/16, piga. Kuba kubwa hufanya mstari wa maji uwe mwembamba. Kabla ya kupiga, chovya kuba yote majini uitoe, matone yasigande juu.

7. Akriliki au glasi?

Akriliki ni nyepesi na nafuu lakini inachubuka haraka. Habari njema ni kwamba michubuko midogo hujazwa na maji na haionekani ukizama, na inaweza kung'arishwa. Kwenye picha za nusu kwa nusu ndipo itakuumbua. Glasi ni ngumu kuchubuka, ila ni nzito na ghali, na ikichubuka haitengenezeki kirahisi. Zote mbili suuza kwa maji baridi, kisha futa kwa kitambaa laini, usisugue mchanga.

Kabla ya kwenda baharini

Zamisha kasha tupu likiwa na karatasi laini ndani. Karatasi ikilowa, safisha au badilisha mpira wa oringi. Likifunga vizuri, weka kamera, ingia bwawani, piga picha za ukuta wa vigae kwa f/8, f/11 na f/16, kisha zikuze kwenye skrini uangalie kona.

Na baharini usisahau kusogea. Maji yenyewe yanafifisha picha, kwa hiyo kitu kilicho mita 5 hakiwezi kuwa kikali hata ufanyeje. Isipokuwa kwa potwe na viumbe wengine wakubwa: hao waache waje wenyewe, usiwaguse.