Statini na Upasuaji wa Moyo: Historia Inayoihusu Garissa

Mwaka 1962, jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha uchunguzi wa wafugaji wa ngamia wa Somalia, ndugu wa wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera, ambao waliishi kwa maziwa na bado hawakuonekana kuwa na lehemu nyingi katika damu. Lehemu, au kolesteroli, ni mafuta yanayotengenezwa hasa na ini, na yakizidi hujijenga katika kuta za mishipa hadi damu ikakosa njia ya kuulisha moyo. Wafugaji hao walitembea kutwa nyuma ya mifugo. Kinga yao haiwezi kudhaniwa kuwa imerithiwa na anayekaa dukani mjini.

Mwaka 1967, huko Cleveland, Marekani, daktari Mwajentina René Favaloro alianza kutumia mshipa wa mguu wa mgonjwa kuipitishia damu njia mpya kando ya mahali palipoziba katika mishipa ya moyo, upasuaji unaojulikana kama baipasi. Udhaifu wake ulidhihirika baadaye, kwa kuwa mshipa uliopandikizwa nao huweza kuziba.

Dawa ya kuupunguza udhaifu huo ilitoka katika kuvu. Akira Endo wa Japani, baada ya kuchunguza maelfu ya aina za kuvu, alipata mwaka 1973 kemikali inayozuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu, na mwaka 1987 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hiyo, yaani statini, iitwayo lovastatini. Jaribio la nchi za Skandinavia la mwaka 1994, lenye wagonjwa 4,444, lilionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 30, na mwaka 1997 jaribio jingine likathibitisha kwamba kushusha lehemu kwa nguvu huchelewesha kuziba kwa mishipa iliyopandikizwa.

Kulikuwa pia na matumaini kwamba dozi ya statini iliyoanzishwa siku chache kabla ya upasuaji ingeukinga moyo papo hapo. Jaribio la Beijing lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa 1,922, liliyavunja: mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio hayakupungua, na figo zilidhurika zaidi. Basi nguvu ya statini imo katika kumezwa kwa miaka.

Kwa mgonjwa wa Garissa, anayesafiri takriban kilomita 370 hadi Nairobi kufanyiwa upasuaji, kinga ya statini hutegemea atakachokipata akisharudi nyumbani. Serikali za kaunti na zihakikishe statini haikosekani katika zahanati, na mgonjwa asiiache bila ushauri wa daktari.