Kitu Kisichojulikana: Asili ya Hesabu ya Aljebra

Jamaa wakichanga fedha ili kununua kitu kimoja, mara nyingi furaha yao huishia katika ugomvi. Huyu husema ametoa zaidi, yule hudai baki yake, na undugu huingia ufa. Leo nitawaeleza jinsi watu wa kale walivyotafuta dawa ya ugomvi huo.

Huko Uchina kulikuwako kitabu kiitwacho Sura Tisa za Hesabu, ambacho mtaalamu Liu Hui alikiandikia maelezo mwaka 263. Ndani yake mna swali hili: Watu fulani walinunua kitu kwa shirika. Kila mtu akitoa 8, zitazidi 3. Kila mtu akitoa 7, zitapungua 4. Je, watu walikuwa wangapi, na bei ilikuwa kiasi gani?

Sasa twende Baghdad. Zamani za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hata 833, alikuwako bingwa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Aliandika kitabu cha kuwasaidia watu katika kugawa urithi, kukata mashauri na kufanya biashara. Hakutumia alama kama wanafunzi wa leo, bali aliandika yote kwa maneno, na lile lisilojulikana aliweza kuliita “kitu” tu. Tendo lake la kwanza ni al-jabr, yaani kurudisha kilichopunguka, kama mganga aungavyo mfupa uliovunjika. La pili ni al-muqabala, neno lililo ndugu ya “kukabili” kwetu, yaani kukabilisha pande mbili.

Natujaribu njia hiyo. Idadi ya watu tuiite “kitu”. Bei ni vitu 8 kasoro 3. Tena bei hiyohiyo ni vitu 7 na 4 zaidi. Turudishe zile 3 zilizopunguka, tukiongeza 3 upande wa pili pia: vitu 8 ni sawa na vitu 7 na 7 zaidi. Kisha tuondoe vitu 7 huku na huku. Kitu kimoja ni sawa na 7. Basi watu walikuwa 7, na bei 53. Hakikisheni: 7 mara 8 ni 56, toa 3, 7 mara 7 ni 49, ongeza 4.

Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini, na kutoka al-jabr tumepata jina aljebra. Mwaka 1557 Robert Recorde, mtu wa Wales, akatoa alama ya sawa: mistari miwili yenye urefu mmoja, kwani hakuona vitu viwili vilivyo sawa kupita hivyo.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ajuaye hesabu hana haja ya kumshuku ndugu yake, wala hadanganywi dukani.

Nawaachieni swali. Sufuria na mwiko bei yake pamoja ni shilingi 11. Bei ya sufuria imezidi ya mwiko kwa shilingi 10. Mwiko ni bei gani? Msijibu upesi. Kwaherini.