Duara la Sauti: Historia Fupi ya Usikilizaji katika Usukuma

Sikio halilali njaa, walisema wahenga. Wala hapana shaka kwamba katika nchi ya Wasukuma, tangu Shinyanga hata mashimo ya dhahabu ya Geita, sikio halikukosa chakula. Lakini namna ya kulilisha imebadilika mara mbili tangu karne ya 19, na kila badiliko limemhamisha msikilizaji kutoka mahali pake pa zamani. Atakaye kufahamu maana ya spika zinazopangwa leo kuizunguka kompyuta katika sebule ya Kahama, yafaa aanze mbali, katika uwanja wa ngoma.

Wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika katika pande mbili kuu, Bagalu na Bagika. Majina hayo yasemekana kuwa yatokana na waganga wawili walioshindana zamani, Gumha na Ngika. Mavuno yakiisha, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, vikundi viwili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja na ngoma zake, nyimbo zake na dawa zake za kuwavuta watu. Mwenye kuhukumu ni umati wenyewe. Msikilizaji husimama kati ya sauti mbili, hii kuumeni, hii kushotoni. Ikimpendeza ya kulia huiendea, ikimchosha huiacha. Kikundi kilichozungukwa na watu wengi ndicho kilichoshinda. Basi hukumu hutolewa kwa miguu, na asikiaye ana uwezo juu ya aimbaye.

Badiliko la kwanza lililetwa na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Wakati huo mgodi wa Geita ulikuwa ukitoa dhahabu, na ule wa Mwadui, ambao almasi yake ilivumbuliwa na John Williamson mwaka 1940, ulikuwa umekwisha kupata sifa duniani. Redio ndogo za transista, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, hazikuhitaji umeme wa waya, betri zilitosha. Kwa hiyo sauti ya mbali ilifika hata pale ambapo nguzo ya umeme haikuonekana.

Redio ile ilikuwa na kinywa kimoja, nao watu waliizunguka. Jambo hili lilidhihirika zaidi katika kampeni za elimu ya watu wazima: Kupanga ni Kuchagua ya mwaka 1969, Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, na Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchini kote. Wanakikundi waliketi pamoja, wakasikiliza kipindi, kisha wakafungua kitabu, wakajadiliana, na baadaye wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Sanduku halikuweza kujibiwa, hilo ni kweli. Lakini waliolisikiliza walijibizana wao kwa wao, na aliyeketi pembeni alisikia maneno yale yale aliyoyasikia aliyeketi mbele.

Badiliko la pili lilichelewa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilipoondolewa baadaye, vyombo vikaanza kuja kidogo kidogo. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka uliofuata. Biashara ikakua, na kompyuta zikaingia majumbani. Pamoja nazo ikaja elimu iliyozaliwa ng'ambo zamani. Mwingereza Alan Blumlein alikuwa ameomba hataza ya sauti ya njia mbili mwaka 1931. Filamu ya Fantasia ya mwaka 1940 ilizungusha muziki ukumbini. Na mwaka 1992 sinema za Marekani zikaanza kutumia mpango wa spika tano na sabufa moja, ambao ndio uliofika mezani pa kompyuta.

Kanuni za mpango huo ni chache. Spika ya kati hukaa chini au juu ya kioo cha kompyuta, kwa ajili ya maneno ya wasemaji. Mbili za mbele huwekwa kulia na kushoto, kila moja nyuzi 30 kutoka katikati, na mbili za nyuma nyuzi 110 hivi, zikipita mabega kidogo. Kwa desturi tundu la kijani ni la spika za mbele, jeusi la nyuma, na la rangi ya machungwa la kati na sabufa. Sabufa yaweza kuwekwa popote karibu na meza, kwa sababu sikio halitambui vyema sauti nzito imetoka upande gani. Ila ikisukumwa pembeni mwa chumba itanguruma kupita kiasi. Ukuta wa saruji usio na pazia hurudisha mwangwi, na mkeka sakafuni huupunguza.

Lakini nyuzi hizo zote hupimwa kutoka katika kiti kimoja tu. Akaaye hapo husikia mvua ikimnyeshea pande zote. Mama aingiaye kutoka jikoni na mtoto asimamaye mlangoni husikia spika moja iliyo karibu nao, na hadithi huwapotea. Tena nyimbo nyingi, pamoja na ngoma za Kisukuma zenyewe, zimerekodiwa kwa njia mbili tu, hata spika za nyuma hukaa kimya au hurudia ya mbele.

Zamani watu waliizunguka sauti. Siku hizi sauti humzunguka mtu. Chombo hiki hakistahili kulaumiwa, kwani hutimiza kazi kiliyoundiwa, na furaha yake si ya uongo. Lakini gharama yake yafaa ijulikane. Katika uwanja wa ngoma, msikilizaji aliyeondoka alimpunguzia mwimbaji ushindi wake. Akiinuka leo katika kile kiti kimoja, spika zote huendelea kulia vile vile, wala hakuna aliyeshindwa.