Betri ya moyo, kopo la Kiwi na bomba la plastiki

Sisi huku Stockholm giza linaingia saa tisa alasiri, basi mtu ukitoka zamu ni kujifungia ndani na kuandika.

Shangazi alinipigia simu Jumapili. Ameambiwa pale JKCI Muhimbili kwamba atawekewa betri ya moyo. Nilidhani ataniuliza habari ya gharama au maumivu, kumbe wapi. Aliuliza, "Mwanangu, hicho kidude si kitaniozea ndani?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba hakitaoza, lakini swali lake ni kubwa kuliko salio la simu, na mji huu ninaoishi una historia nalo, nzuri na mbaya. Naiandika hapa tuisome wote.

Tuanze na mwili wenyewe. Nani hajawahi kuchomwa na mwiba ukakatikia mguuni? Ama mguu unatunga usaha na kuutema, ama unauzungushia ngozi ngumu ukakaa humo miaka. Na kifaa cha hospitali mwili unakiona hivyo hivyo, haujui kwamba kimelipiwa. Dakika za kwanza protini za damu zinakipaka. Halafu zinakuja chembe nyeupe zile zinazomeza vijidudu, zinajaribu kukila, zikishindwa zinaungana na kuwa chembe kubwa kubwa, na mwishowe kinajengwa kifuko cha kovu kukizunguka. Kifuko kikiwa chembamba na kimetulia, hiyo ni amani. Lakini kitu kikivuja sumu, au kikisugua nyama, au bakteria wakipata njia ya kuingia, vita haviishi.

Kwa hiyo kupima ni kuiuliza nyama kabla ya kumgusa mgonjwa. Siku hizi kuna kiwango cha kimataifa kinaitwa ISO 10993, sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1992. Malighafi inawekwa kwanza pamoja na chembe hai kwenye sahani ya maabara, ionekane kama zinakufa. Kisha kipande kinapandikizwa kwa mnyama, panya au sungura, wiki hata miezi, halafu nyama iliyokizunguka inakatwa na kuangaliwa kwa hadubini. Ni kazi ya polepole na haina sifa. Hakuna gazeti linaloweka panya mzima ukurasa wa kwanza.

Sasa turudi 1958, hapa hapa hospitali ya Karolinska. Mgonjwa aliitwa Arne Larsson, miaka 43, moyo wake ulikuwa unasimama na kumwangusha mara 20 hadi 30 kwa siku. Mkewe, Else-Marie, alimfuata daktari wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist akiwasihi wamtengenezee betri ya kuweka ndani ya mwili. Wakamwambia kifaa bado hakijawa tayari. Mama yule hakukubali, akaendelea kuwasumbua mpaka wakakitengeneza. (Mnaona wenyewe, mke anayejua kung'ang'ania ni dawa.)

Elmqvist alivifunika vifaa vya umeme kwa epoksi, jamii ya gundi ngumu, kwa sababu ilijulikana kuwa nyama ya mwili inaivumilia. Na kalibu ya kuimiminia? Kopo la dawa ya viatu, Kiwi! Ile ile tuliyokuwa tunasugulia viatu vya shule. Ndiyo maana betri ya kwanza ilikuwa ya duara, upana milimita 55, unene kama 16. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1958 Senning alimfungua kifua Larsson akaishona. Ilifanya kazi masaa machache ikafa. Akawekewa nyingine. Baadaye ikaonekana pia kwamba epoksi inapitisha unyevu taratibu, ndiyo maana miaka ya 1970 watengenezaji walihamia kwenye kasha la titaniamu. Ni jamii hiyo ya chuma atakayowekewa shangazi. Larsson alibadilishiwa betri zaidi ya mara 20, akafa Desemba 2001 akiwa na miaka 86, wakati Elmqvist na Senning wote wameshatangulia.

Titaniamu nayo ina kisa cha Sweden, ila si cha Stockholm. Mwaka 1952 kule Lund, daktari Per-Ingvar Brånemark aliweka kifaa cha titaniamu kwenye mfupa wa sungura ili atazame damu inavyopita. Alipotaka kukitoa kikagoma, mfupa ulikuwa umekishika. Je, alikimbilia kwa watu? Ilikuwa 1965 ndipo alipomwekea mgonjwa wa kwanza meno yenye mizizi ya titaniamu. Miaka 13 hiyo!

Sasa nije kwenye ile inayouma, maana inamhusu mtu wa upande wetu.

Andemariam Beyene alikuwa kijana wa Eritrea aliyekuwa anasomea jiolojia Iceland. Alipata uvimbe kwenye bomba la hewa, lile linaloshuka kutoka kooni kwenda mapafuni. Mwaka 2011 akaletwa Karolinska, tawi la Huddinge, kwa daktari Paolo Macchiarini, aliyekuwa na jina kubwa duniani. Tarehe 9 Juni wakatoa bomba lake na kumwekea la plastiki lililokuwa limelowekwa saa 36 pamoja na seli zilizotoka kwenye uboho wake mwenyewe. Walisema seli zitashika, plastiki itageuka kiungo hai. Novemba mwaka huo jarida la Lancet likachapisha habari njema, na dunia ikashangilia.

Lakini bomba hilo la plastiki lilikuwa halijajaribiwa kwanza kwa wanyama. Hakukuwa pia na kibali cha bodi ya maadili. Nyama haikuulizwa! Na mahali penyewe ni pagumu kuliko pote, maana kila pumzi inaingiza vijidudu, kwa hiyo kile kifuko cha amani hakiwezi kufungika. Plastiki haikupata mishipa ya damu, haikuota ngozi ya ndani ya kusukuma makohozi. Andemariam aliwekewa stenti kuzuia njia isizibe, akaugua na kuugua, akafariki Januari 2014. Wengine wawili waliopandikizwa Karolinska, Mmarekani na mwanamke wa Kituruki, nao walikufa.

Kuna watakaosema hata Larsson alijaribiwa kitu kipya. Ni kweli, na kwa sheria za leo Senning asingeruhusiwa. Ila Larsson alikuwa anakufa wiki ile, na betri ikikataa unaitoa unaweka nyingine. Bomba la hewa ukishalikata hakuna kurudi nyuma. Tena betri ilipokufa ndani ya masaa hakuna aliyeandika kwamba inadunda vizuri.

Madaktari wanne wa hapo hapo walisoma mafaili ya wagonjwa, wakaona hayafanani na yaliyochapishwa, wakalalamika mwaka 2014. Hawakupigiwa makofi. Agosti 2015 uongozi wa taasisi ulimsafisha Macchiarini, na ilibidi televisheni ya taifa ionyeshe filamu Januari 2016 ndipo mkuu wa taasisi akajiuzulu na yeye akafukuzwa. Mwaka 2018 Lancet ikafuta makala.

Juni 2022 mahakama ya Solna ilimpa kifungo cha nje kwa mgonjwa mmoja tu. Mahakama ya Rufani hapa Stockholm, Juni 2023, ikaona vingine: wote watatu wangeweza kuishi muda si haba bila upasuaji ule, akahukumiwa miaka miwili na nusu jela. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi, hukumu ikabaki hivyo.

Haya, kesho nina zamu ya asubuhi. Wasalimieni wote.