OpenChrom: programu ya bure ya kusoma vipimo vya maabara

Mto Sabaki hauanzii kwetu. Huko juu unaitwa Athi, hupokea maji ya Nairobi, kisha huitwa Galana kabla ya kumwaga baharini kaskazini mwa Malindi. Tukitaka kujua maji hayo yamebeba nini, hupelekwa sampuli maabara, nasi hupewa karatasi yenye namba. Leo naeleza namba hizo hutokaje.

Mabaki ya dawa za wadudu mara nyingi hutafutwa kwa kromatografia ya gesi. Sampuli iliyotayarishwa hupashwa moto ikawa mvuke, ikasukumwa na gesi ndani ya mrija mwembamba uliokunjwa, ambao huweza kufika mita 30. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake. Kompyuta huchora mstari wenye vilele: wakati wa kilele hudokeza aina ya kemikali, na eneo lililo chini yake huonyesha kiasi.

Programu ndiyo inayoonyesha mchoro huo na kupima maeneo. Lakini mstari wa chini wa kilele upite wapi? Hapo pana uamuzi wa binadamu. Ukiuinua, eneo hupungua, na namba kwenye karatasi nayo hupungua. Wataalamu wawili waaminifu wanaweza kutofautiana. Dini yetu imetuamrisha kutimiza mizani, na mchoro huu nao ni mizani. Mwenye karatasi pekee hana cha kukagua.

Kuna kikwazo kingine. Kampuni za mashine huandika faili kila moja kwa muundo wake, na programu zao huuzwa kwa leseni. Mwanafunzi akibeba faili kwenye flashi, huenda laptopu yake isiifungue.

Hapo ndipo OpenChrom inapofaa. Ilitokana na kazi ya Philip Wenig katika Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, na makala ya kisayansi kuihusu ilitoka mwaka wa 2010. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Husoma miundo ya wazi kama netCDF na mzML. Faili ya kampuni ikikataa kufunguka, msConvert ya mradi wa ProteoWizard, nayo ya bure, hugeuza nyingi kuwa mzML.

Programu haiponyi sampuli iliyochotwa vibaya, wala haimfanyi mtu kuwa mkemia. Bado yahitajika mtu aliyesoma, na hao tunao: Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapa Kilifi.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kikundi chenu kikilipia kipimo cha maji, andikeni kwenye makubaliano kabla ya kuchota: tupewe faili ghafi katika muundo wa wazi, pamoja na za sampuli za kulinganishia. Mtaalamu wa pili akiufungua mchoro uleule na kupata namba ileile, hapo mtakuwa na jibu la kusimama nalo mbele ya afisa yeyote.