Mbwa Mlezi wa Turkana

Kila taifa la wanadamu lina njia zake za kumlinda mtoto mchanga. Penye msitu mtoto hulindwa na nyoka, penye mto hulindwa na maji, na mjini hulindwa na magari. Kwa hiyo mtu atakaye kuihukumu nyumba ya wenzake, kama ni salama kwa mtoto au si salama, kwanza yampasa ajue nyumba hiyo imejengwa katika nchi gani, na ni adui gani anayetazamiwa kufika mlangoni. Insha hii yaeleza habari za maboma ya Waturkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, na habari za mlinzi mmoja aliyekuwa rafiki mkubwa wa mtoto, naye pasipo kujua akawa mleta maradhi.

Nchi ya Turkana ni kavu. Kutoka Lodwar, mji ulio kando ya mto Turkwel, hadi Kakuma, ni safari ya kilomita zipatazo 120, na katika safari hiyo macho ya msafiri hukutana na mchanga, mawe, migunga na mikoma. Mito mingi ya huko si mito kwa maana tuliyoizoea. Tarach, mto upitao Kakuma, hujaa na kufurika mvua inyeshapo milimani, kisha hukauka na kubaki njia pana ya mchanga. Kiangazi kinapokuwa kikali, wanawake huchimba visima katika mchanga huo, na kadiri siku zinavyokwenda kisima huzidi kuwa kirefu. Maji yapatikanayo humo hutekwa kwa kata, hubebwa kichwani, na kila tone lina kazi yake.

Katika nchi hiyo mwenye kujenga nyumba ni mwanamke. Yeye hukata fito, huzikunja zikawa kama kuba, akaziezeka kwa makuti ya mkoma au kwa ngozi. Mke mwenye nyumba yake huwa na kibanda cha mchana, kiitwacho ekol, chenye kivuli na kupenya upepo, na kibanda cha usiku, kiitwacho akai, cha kulala. Boma zima huzungushiwa ua wa miiba. Ua huo haukuwekwa kwa urembo. Fisi akiingia usiku hachagui baina ya mbuzi na mtoto. Ndani ya ua palikuwa na hatari nyingine: nge chini ya ngozi ya kulalia, nyoka penye fito, na moto wa kupikia ulio karibu na mtoto anayejifunza kutambaa. Mama alikuwa na mikono miwili tu, na kazi zake ni kukamua, kuteka maji, kutafuta kuni na kujenga.

Hapo ndipo mbwa alipopata cheo chake. Usiku alibweka fisi akaribiapo. Mchana alilala kivulini karibu na mtoto. Tena alifanya kazi ya tatu, ambayo ndiyo iliyompa sifa katika maandishi ya waganga: mtoto alipojisaidia au kutapika, mbwa aliitwa akamlamba hata akawa safi. Madaktari walioandika habari hizo walimwita mbwa mlezi.

Msomaji aliyekulia mahali penye bomba la maji pengine atakunja uso. Lakini na afikiri kwanza. Ikiwa maji ya kunywa yameletwa kwa mwendo wa nusu siku, na ndani ya kata yamebaki ya kumtuliza mtoto kiu, je, ni mama gani atakayeyamwaga kumwoshea? Kumwacha mtoto na uchafu ni kumletea nzi, na nzi huleta maradhi ya macho na ya tumbo. Mama yule alitafuta njia ya kumweka mwanawe safi pasipo maji, akaipata. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na kwa akili iliyopimwa kwa haja ya nchi yake. Kilichomshinda ni kitu kimoja ambacho hata mabingwa wa Ulaya hawakukijua mpaka katikati ya karne ya 19.

Kitu hicho ni tegu mdogo mno, ambaye urefu wake hauzidi milimita chache. Hukaa katika utumbo wa mbwa, na mbwa mmoja aweza kubeba maelfu yao wala asionekane kuwa mgonjwa. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, yakashika katika manyoya, mdomo na ulimi wa mbwa. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyala pamoja na majani, mayai huanguliwa tumboni mwake, na kiluwiluwi husafiri kwa damu mpaka kwenye ini au mapafu. Huko hujifanyia kifuko cha maji. Mnyama achinjwapo, kiungo chenye vifuko hutupiwa mbwa, naye mbwa akila hupata tegu wapya. Hivyo duara hukamilika.

Binadamu hana haja katika duara hilo, bali huingia kwa bahati mbaya. Akimeza yai, kifuko huota ndani yake kama kiotavyo ndani ya mbuzi. Ugonjwa huo waitwa haidatidi. Kifuko hukua polepole sana, bila homa na bila maumivu, kwa miaka mingi. Mtoto aliyelambwa na mbwa akiwa hajajua kutembea aweza kukua, akachunga mbuzi, akaoa au akaolewa, kisha siku moja tumbo lake likaanza kuvimba. Katika tumbo hilo kifuko chaweza kujaa lita kadhaa za maji, na kikipasuka ndani chaweza kumwua mtu ghafula. Nani basi angaliweza kuunganisha tumbo la mtu mzima na ulimi wa mbwa aliyekufa zamani? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba hukawia kuuma.

Ugonjwa huu si wa Turkana peke yake, wala si wa Afrika peke yake. Iceland, kisiwa cha baridi kilicho kaskazini mwa Ulaya, kiliteswa nao katika karne ya 19 kuliko nchi nyingi za dunia. Huko nako watu walifuga kondoo, na mbwa waliishi ndani ya nyumba pamoja na watoto. Katika miaka ya 1850 mtaalamu Mjerumani, Carl Theodor von Siebold, aliwalisha mbwa vifuko vya wanyama na kuwakuta na tegu matumboni. Mwaka 1863 Harald Krabbe, mtaalamu kutoka Denmark, alikwenda Iceland akapasua mbwa ili awachunguze, akaona baadhi yao wana tegu huyo. Mwaka 1864 kilitolewa kijitabu chake cha kuwaonya watu, kikagawanywa bure majumbani. Watu wa Iceland walikuwa wakijua kusoma, na jioni za baridi ni ndefu, walikisoma. Mwaka 1869 ikatungwa sheria juu ya mbwa. Kidogo kidogo desturi zilibadilika, na katika karne ya 20 ugonjwa ulikoma kisiwani humo. Tuangalie jambo moja katika habari hii: Iceland haikungoja dawa ya ajabu. Ilitumia maarifa, yakafika katika kila nyumba.

Maarifa hayo yalichukua muda mrefu zaidi kufika Turkana. Katika siku za ukoloni, Turkana ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofungwa, na mgeni hakuingia bila kibali. Serikali iliitumia nchi hiyo kama mahali pa kuwatenga watu: Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, akawekwa huko mpaka mwaka 1961. Nchi iliyochaguliwa kwa sababu ya umbali wake haikujengewa hospitali nyingi wala shule nyingi. Mnamo miaka ya 1950 na 1960 madaktari na wachunguzi walianza kuandika kwamba wagonjwa wa haidatidi katika Kenya walitoka zaidi Turkana. Mwaka 1957 chama cha madaktari warukao kwa ndege kiliundwa Nairobi, nacho ndicho kijulikanacho leo kwa jina la Amref. Ndege zake zilitua katika viwanja vya mchanga, na wapasuaji wakawatoa watu vifuko vikubwa. Kadiri walivyopasua ndivyo wagonjwa walivyozidi kuja. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba kaskazini-magharibi mwa Turkana wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa takribani 200 katika kila watu 100,000, kiasi kikubwa mno kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Wanawake waliugua kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio waliokaa na mbwa nyumbani.

Mpasuaji hutoa kifuko, lakini hawezi kulivunja duara. Kwa sababu hiyo mwaka 1983 Amref, pamoja na serikali ya Kenya, ilianzisha mpango wa kuuzuia ugonjwa katika sehemu ya kaskazini-magharibi ya Turkana. Mbwa waliandikishwa na kupewa dawa ya tegu mara kwa mara. Wasiotakiwa na wenyewe waliuawa, na majike yalizuiwa yasizae. Kuanzia miaka ya 1980 watu walipimwa matumbo kwa mashine ndogo ya mawimbi ya sauti, iliyochukuliwa kwa gari mpaka chini ya miti walikokusanyika. Kifuko kikaonekana mapema, kabla tumbo halijavimba, na baadhi ya wagonjwa wakatibiwa kwa vidonge au kwa sindano badala ya kisu.

Hata hivyo kazi iliyokuwa ngumu kupita zote ni ile ya maneno. Walimu wa afya waliketi na kina mama katika kivuli cha ekol. Kama wangalianza kwa kuwacheka, wangalirudi mikono mitupu. Kama wangalisema, "Waueni mbwa wote," mama angaliuliza ni nani atakayebweka usiku. Ilibidi wamwonyeshe jicho kwa jicho: kifuko ndani ya ini la mbuzi aliyechinjwa, na kifuko namna ile ile kilichotolewa katika tumbo la mtu. Mfugaji ajua viungo vya mnyama kuliko daktari wa mjini. Alipoona, alielewa; na alipoelewa, aliweza kuamua mwenyewe. Mbwa abaki nje ya kibanda. Asilambe mtoto wala vyombo. Asipewe ini wala mapafu yenye vifuko, bali viungo hivyo vichomwe au vifukiwe chini sana. Mikono ioshwe kabla ya kula.

Katika jambo hili nyumba yenyewe ilikuwa na fumbo lake. Jua la Turkana, ambalo watu hulikimbia, huyaua mayai ya tegu upesi kwa kuyakausha. Penye kivuli na unyevu mayai huishi zaidi. Kile kivuli ambacho mama alikijenga ili kumkinga mtoto na jua, na kile kisima alichokichimba, ndivyo vilivyoyahifadhi mayai. Basi haitoshi kusema kwamba kitu hiki ni kizuri na kile ni kibaya. Kivuli ni kizuri na mbwa ni mzuri, ila viwili hivyo na mtoto visikutane.

Ugonjwa umepungua tangu mpango ule uanze, lakini haukwisha. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma, wakaingia watu wengi kutoka Sudan na baadaye kutoka nchi nyingine, na mji uliokuwa mdogo ukapanuka. Penye watu wengi huchinjwa wanyama wengi, na penye machinjio mbwa hawakosi. Uchunguzi wa wanyama waliochinjwa kaskazini mwa Turkana, Kakuma ikiwamo, uliotangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ngamia walikuwa na vifuko. Duara lingali linazunguka, nalo litazunguka hata machinjio yote yatakapokuwa na ua imara na shimo la kutupia taka.

Tena lipo suala la maji, ambalo ndilo mzizi wa habari yote. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba maji mengi yamegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana, katika uwanda wa Lotikipi na karibu na Lodwar. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini maji ya Lotikipi yalipopimwa baadaye yalionekana kuwa na chumvi nyingi. Kwa hiyo katika maboma mengi mama bado hupima kata kwa jicho kabla ya kunawisha mikono ya mtoto. Anayemwambia mama huyo, "Osha mtoto wako," naye hakumletea maji, amesema nusu ya neno.

Historia hii yatufundisha jinsi ya kuitazama nyumba yoyote ile, iwe ya makuti Kakuma au ya mawe mjini. Hatari iliyo kubwa kwa mtoto si lazima iwe ile inayotisha. Fisi alijulikana, akawekewa ua. Mbwa hakujulikana, kwa kuwa alipendwa na alikuwa na manufaa. Hali kadhalika katika nyumba nyingine kuna jiko la makaa liachwalo chumbani usiku wa baridi, na kuna mafuta ya taa yatiwayo katika chupa ya soda. Vyote ni vitu vya manufaa, na watoto wamekufa kwavyo. Mwanafunzi arudipo nyumbani wakati wa likizo na avitazame vitu alivyovizoea, aulize kila kimoja kimetoka wapi na kinamgusaje mtoto atambaaye. Akiona kosa, aliseme kwa adabu, na baada ya kulisema achukue mtungi akateke maji.