Chupa ya Mtoto na Habari Zake Tangu Kale

  Wale mliokusanyika kwa vikundi, natumaini kila mtu amepata mahali pa kukaa, na yule mliyemchagua kuandika ana karatasi na kalamu yake.

Juma lililopita tulitaja vitu ambavyo wazazi hununua wanapomngojea mtoto: nepi, beseni la kuogea, chandarua, kanga za kumbebea. Baada ya somo lile, bwana mmoja ambaye mkewe yu karibu kujifungua aliuliza swali. Amekwenda dukani akaona chupa za mtoto za kila namna. Nyingine zina mishikio miwili, nyingine zimechorwa wanyama, na moja ina mrija ndani yake, hata mtoto aweza kunywa akiwa amelala na mtu asimshikie. Hiyo ya mrija ndiyo ya bei kubwa kuliko zote. Je, ndiyo bora?

Ni swali jema, lakini nitaomba bwana huyo anivumilie kidogo. Mrija ule si uvumbuzi mpya. Ulipata kuuzwa Ulaya zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ukasifiwa sana, na uliua watoto wengi. Tukizijua habari zake, jibu litakuwa rahisi.

Tuanze mbali. Watu wengine hudhani chupa ya mtoto ni jambo la kizungu la juzi tu. Sivyo. Katika nchi ya Ujerumani, jimbo la Bavaria, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi ya watoto wadogo, na ndani yake wakakuta vyungu vidogo vya udongo vyenye mdomo mwembamba kama wa birika. Mwaka 2019 wataalamu walitoa habari za vyungu vitatu vya namna hiyo, vyenye umri wa miaka 2500 hadi 3200 hivi. Walipochunguza mabaki yaliyokwama katika udongo waliona mafuta ya maziwa ya wanyama wanaocheua, yaani jamii ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Basi tangu zamani zile kulikuwako mtoto aliyekosa ziwa, na mtu aliyejaribu kumlisha kwa njia nyingine. Na chombo chake tumekikuta kaburini. Sisemi kwamba chombo ndicho kilichomwua, maana hayo hatuwezi kuyajua. Lakini hebu mfikirieni mama au bibi aliyemfinyangia mtoto kile chungu.

Baadaye watu wa Ulaya walitumia pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani na kushonewa kipande cha ngozi laini, au kikombe kirefu chenye mdomo kama mtumbwi, ambacho kwacho walimmiminia mtoto uji wa mkate uliolowekwa. Mnamo mwaka 1770 daktari mmoja wa London, jina lake Hugh Smith, alitengeneza birika dogo la madini lenye mdomo uliotobolewa tundu ndogo ndogo na kufungwa kitambaa, ili maziwa yatoke kidogo kidogo. Tajiri aliyekuwa na fedha alimwajiri mwanamke mwingine amnyonyeshee mtoto wake. Maskini hakuwa na njia hiyo. Watoto waliolelewa kwa pembe na birika walikufa kwa wingi, na watu walilijua jambo hilo ingawa hawakujua sababu.

Sasa tufike katika karne ya 19, ambapo habari yetu hasa inaanza. Mambo mawili yalitokea karibu pamoja. La kwanza ni mpira. Mwaka 1844 Mmarekani Charles Goodyear alipata hati ya uvumbuzi wake wa kuupika mpira kwa kiberiti ili usinate wakati wa joto wala usikatike wakati wa baridi. Mwaka uliofuata, mtu wa New York aitwaye Elijah Pratt akapata hati ya kutengeneza chuchu ya mpira. La pili ni viwanda. Wanawake wengi waliingia kazini katika miji mikubwa ya Uingereza, wakamwacha mtoto nyumbani na dada yake wa miaka minane au na jirani mzee.

Wenye maduka waliiona haja hiyo, ndipo ikatokea chupa ya mrija. Nitaieleza polepole ili kila mtu aione kwa akili yake. Ilikuwa chupa bapa ya kioo, mfano wa kobe, iliyolala chini isipinduke. Kifuniko chake kilipitishwa kijiti cha kioo chenye uwazi, kilichofika mpaka chini kwenye maziwa. Nje ya kifuniko ukaunganishwa mpira mrefu mwembamba, na mwisho wa mpira ndipo penye chuchu. Mtoto alilazwa na chupa kando yake, chuchu mdomoni, akavuta mwenyewe. Hakuhitaji kubebwa wala kushikiwa. Mama aliweza kwenda kazini, na yule dada mdogo akaenda kucheza.

Chupa hizi zilipewa majina ya kupendeza. Moja iliitwa kwa jina la Alexandra, binti wa mfalme wa Denmark aliyeolewa na mrithi wa kiti cha Uingereza. Nani asingetaka mtoto wake anyonye kama mtoto wa mfalme?

Lakini jamani, ule mpira ulioshwa kwa nini? Maziwa yaliganda ndani yake, mpira ukapasuka nyufa zisizoonekana kwa jicho, na katika kila ufa vikazaana vijidudu. Waliuza na brashi ndogo yenye mpini wa waya ili kuupitisha ndani, lakini mwanamke aliyerudi nyumbani usiku kutoka kiwandani, maji yakiwa bombani mwisho wa mtaa, angeusugua saa ngapi? Tena hakuambiwa kwamba kuna hatari. Katika kitabu mashuhuri cha mambo ya nyumbani kilichotolewa London mwaka 1861, Isabella Beeton alizungumza juu ya chuchu iliyokatwa kwa ndama, maana bado ilitumika. Akasema ikishafungwa vizuri hakuna haja ya kuitoa mpaka siku ya kuweka nyingine, yaani baada ya majuma mawili au hata zaidi. Tusimcheke mama huyu. Alikuwa kijana wa miaka 25, na wakati ule kazi za Louis Pasteur juu ya vijidudu ndiyo kwanza zilikuwa zikianza kujulikana huko Ufaransa.

Matokeo yalikuwa mabaya. Mpaka mwisho wa karne ile, katika Uingereza na Wales, kwa kila watoto 1000 waliozaliwa, kama 150 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Wakati wa joto ulikuwa mbaya kupita wote, maana ndipo kuhara kulipovuma, na waliopatwa zaidi ni wale wasionyonya ziwa la mama. Madaktari walizilaani chupa za mrija wazi wazi, na watu wakazibandika jina la chupa za mauaji. Hata hivyo ziliendelea kununuliwa. Ufaransa ilizipiga marufuku kwa sheria mwaka 1910. Uingereza zilionekana madukani hata baada ya mwaka 1920, yaani zaidi ya nusu karne tangu zilipoanza kusifiwa. Mimi sishangai sana. Kitu kinachompumzisha mama aliyechoka ni vigumu kukitoa mikononi mwake kwa maneno matupu ya daktari.

Waliofaulu ni wale waliompa mama kitu kingine cha kushika. Katika mji wa Fécamp, pwani ya Ufaransa, daktari Léon Dufour alifungua mwaka 1894 mahali palipoitwa Tone la Maziwa. Maziwa yalichemshwa pale pale, yakatiwa katika chupa ndogo, kila chupa ya mnyonyo mmoja, na mama akachukua za siku nzima katika kikapu. Mtoto alipimwa uzito. Mwaka 1899 mji wa St Helens, Uingereza, ukafuata mfano huo. Na mwaka 1900 kampuni ya dawa ya Allen & Hanburys ilitoa chupa yenye umbo la mashua, iliyo wazi pande zote mbili: upande mmoja chuchu, upande wa pili kizibo cha mpira cha kuingiza hewa. Ukivitoa vyote viwili, maji yanapita moja kwa moja kama ya mfereji, na jicho linaona mpaka ng'ambo. Hakuna kona ya kujificha uchafu. Katika karne ya 20 vifo vya watoto vilipungua sana huko. Lakini tusiipe chupa sifa zote, maana wakati huo huo mabomba ya maji, mifereji ya maji machafu na maziwa yenyewe yalitengenezwa.

Hapo ndipo penye fundo la somo letu. Chupa ya Ulaya ilipata kuwa salama baada ya maji na jiko kuwa salama. Lakini ilisafirishwa kuja Asia na Afrika peke yake, bila ya bomba na bila ya jiko.

Mtu aliyeliona jambo hilo mapema ni daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica. Alifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na ndiye aliyewaeleza madaktari wa dunia, mwaka 1933 na tena mwaka 1935, ugonjwa wa utapiamlo ambao Waga wa huko huuita kwashiorkor. Kisha alihamishwa kwenda Singapore. Huko alikuta akina mama wakishawishiwa waache kunyonyesha na wanunue maziwa ya kopo yenye sukari, na wengine wa wale washawishi walivaa nguo nyeupe kama wauguzi. Mwaka 1939 alialikwa kuhutubia kundi la waheshimiwa wa mji, akaiita hotuba yake Maziwa na Mauaji. Aliwaambia kwamba vifo vya namna hiyo vihesabiwe kuwa mauaji. Alikuwa mgeni wao, na baadhi yao walikuwa watu wa biashara! Huku kwetu Afrika Mashariki, Derrick Jelliffe, aliyekuwa mwalimu wa utabibu wa watoto katika Makerere tangu mwaka 1959, aliona mambo yale yale, na baadaye akatunga neno la kuita utapiamlo unaoletwa na biashara.

Mwaka 1974 kijitabu kilichotolewa London kiliyashtaki makampuni ya maziwa ya unga. Kikundi cha Uswisi kilikitafsiri na kukipa jina lililoitaja Nestlé kuwa inaua watoto. Kampuni ikaenda mahakamani. Mwaka 1976 hakimu wa Bern aliwatoza wanakikundi faini ya faranga 300 kila mmoja kwa ajili ya jina lile, lakini papo hapo akaiambia kampuni iangalie upya namna inavyotangaza bidhaa zake. Mwaka 1977 watu wa Marekani walianza kususia bidhaa za kampuni hiyo. Mwisho wake, mwezi wa Mei 1981, Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni juu ya biashara hii kwa kura 118. Nchi moja, Marekani, ilipinga, na tatu hazikupiga upande wowote. Kanuni zinakataza kutangaza maziwa haya kwa watu wote, kuwagawia akina mama ya bure ya kujaribu, na kutia picha ya mtoto mnene juu ya kopo. Tena, jambo ambalo wengi hawalijui, zinahusu pia chupa na chuchu. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, na Kenya ikatunga sheria mwaka 2012.

Msikilizaji asije akadhani kwamba ubaya wote ulitokana na wafanya biashara. Botswana iliwapa bure maziwa ya unga akina mama wenye virusi vya UKIMWI, kwa nia njema kabisa, ili wasiwaambukize watoto. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha, maji yakachafuka, kuhara kukazuka, watoto wengi wakafa. Hospitalini ikaonekana kwamba walioletwa, wengi wao hawakuwa wakinyonya. Tangu mwaka 2010 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba, pale serikali inapoona inafaa, mama huyo anywe dawa zake za kila siku na amnyonyeshe mtoto.

Sasa nimrudie bwana wetu aliyeuliza. Ikiwa mkeo atanyonyesha, fedha hizo mnunulie yeye maziwa, samaki na maharage. Ikiwa itabidi mtoto alishwe kwa njia nyingine, au mama akamue maziwa yake kabla ya kwenda kazini, nunua kikombe kidogo cha wazi, kisicho na mdomo wa birika. Kidole chako kinafika kila mahali ndani yake, na sabuni na maji yatosha. Mkalishe mtoto mapajani, karibu wima. Kikombe kiguse mdomo wake wa chini, maziwa yafike ukingoni, naye atayaramba mwenyewe. Usimmiminie. Hata mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake aweza kulishwa hivyo, na katika hospitali nyingi ndivyo afanyiwavyo.

Kama mganga amekuandikia maziwa ya unga, kumbuka kwamba unga wenyewe haukosi vijidudu. Chemsha maji, utie unga yakingali ya moto, yasipungue digrii 70, kisha upoze kabla ya kumpa. Yakibaki kwa saa mbili, yamwage. Na ukishikilia kununua chupa, chagua ya mdomo mpana, inayofunguka yote. Ile ya mrija, bwana, iache dukani.

Wenye vikundi, kabla ya kutawanyika jadilianeni jambo hili: hapo mnapokaa, mama anayerudi kazini miezi mitatu baada ya kujifungua, mtoto wake hulishwa na nani, na kwa chombo gani? Mwandishi aandike majibu yenu. Juma lijalo tutazungumza juu ya mbeleko. Kwaherini.